Kiazi kikuu mlimani: kuanzia shimo mpaka sufuria

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Februari ni mwezi wa mtaimbo. Kahawa imekwisha kuchumwa, mahindi ya vuli yameingia ghalani, jua linapasua ardhi, na mwenye nia ya kupanda viazi vikuu anatakiwa awe ndani ya shimo kabla mawingu ya masika hayajakusanyika. Wengi hukumbuka kiazi kikuu mvua ikishanyesha. Wakati huo wamechelewa. Kwa makadirio yangu, robo tatu ya kazi ya zao hili hufanyika kabla mbegu haijagusa udongo: mti wa kukwea, shimo, na mbegu yenyewe. Yanayobaki ni palizi, subira na vita na fuko.

Naandika kwa ajili ya mkulima mwenye nusu eka au eka moja mlimani, iwe Embu, Kirinyaga, Murang'a au Meru, au kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, upande wa Kilimanjaro, anayetaka kuanza na mashimo kumi au ishirini. Ukitaka kuanza na eka nzima, soma kwanza hesabu ya mbegu huko chini, halafu uamue tena.

Kiazi gani hasa?

Jina linachanganya watu. Kiazi kikuu si nduma, ambayo Watanzania huiita gimbi na hupenda maji mabondeni. Wala si kiazi kitamu. Ndugu zetu walioko Marekani hukuta dukani kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa kimeandikwa yam; hicho ni kiazi kitamu tu. Kiazi kikuu cha kweli ni mmea unaokwea mti, ambao Wakikuyu huuita gikwa na Waganda huutenga kwa majina kama balugu na kyetutumula. Wenyewe hasa wa zao hili wako Afrika Magharibi: Nigeria peke yake hutoa zaidi ya nusu ya viazi vikuu vyote duniani.

Ukiwa shambani kwa jirani unatafuta mbegu, tazama shina. Shina la pembe nne lenye kingo nyembamba kama mbawa, lisilo na miiba, ni la aina ya Dioscorea alata, iliyotoka Asia ya kusini-mashariki zamani sana. Kiazi chake kina maji mengi, huwa cheupe au cha zambarau, na huzaa sana. Shina la mviringo lenye miiba kuelekea chini ni la jamii ya Dioscorea cayenensis na rotundata, za Afrika hasa; hizo ndizo zenye kiazi kigumu kinachoshibisha tumbo. Ipo pia Dioscorea bulbifera, inayoning'iniza viazi vidogo hewani kwenye makwapa ya majani.

Moja usiiguse: mmea wa porini wenye majani matatu kwenye kikonyo kimoja, kama ya maharage. Unaweza kuwa Dioscorea dumetorum, na ile ya mwituni ina sumu. Wazee wa sehemu mbalimbali Afrika walikula wakati wa njaa baada ya kuloweka vipande siku kadhaa. Wewe huna njaa ya kiasi hicho. Chukua mbegu kwa mtu ambaye amekula kiazi chake na bado yuko.

Mahali panapokubali

Kipimo changu ni kahawa. Kahawa inapostawi, kiazi kikuu kitastawi. Ukipanda juu mpaka kwenye majani ya chai, baridi inaanza kukirudisha nyuma. Mmea huu hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30, na chini ya nyuzi 20 hukua kwa kujikokota. Kwenye ukanda wa kahawa jioni hupoa, lakini mchana hurudisha deni. Ndiyo sababu kiazi cha mlimani hukaa ardhini muda mrefu kuliko cha pwani. Usishangae kikifikisha miezi kumi au kumi na mmoja bado majani ni mabichi.

Mvua ya milimita 1,000 hadi 1,500 kwa mwaka inatosha, mradi isikatike kabisa katika miezi mitano ya kwanza. Udongo mwekundu wa volkano wa milima yetu ni mzuri kwa sababu una kina na hauzuii maji. Mahali pabaya ni bondeni ambako maji hutuama baada ya mvua, na penye mwamba au kokoto chini ya futi moja. Kiazi kikikutana na jiwe hugawanyika vidole, na kiazi cha vidole hakina mnunuzi.

Kama shamba lako lina matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, una bahati. Udongo uliosombwa na mvua hujikusanya nyuma ya ukingo, na hapo ndipo kina kipo. Panga mashimo sambamba na ukingo huo, hatua moja au mbili nyuma yake. Usichimbe kwenye ukingo wenyewe, kwani mvua kubwa ya Aprili itaubomoa na kuondoka na jasho lako.

Mti utangulie

Kiazi kikuu kisichopata mahali pa kukwea hutambaa chini, majani hulaliana, ugonjwa huingia, na kiazi hubaki kidogo. Shina linahitaji urefu wa mita mbili hadi nne. Una njia mbili.

Ya kwanza ni mti ulio hai, na katika nchi ya Mlima Kenya mti huo una jina: mukungugu, wa jamii ya Commiphora. Wazee hawakuuchagua kwa bahati. Huota kutokana na kipande cha tawi, mizizi yake haigombani sana na kiazi, kivuli chake ni chepesi, na hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Kata tawi lenye unene wa mkono na urefu wa mita moja na nusu au mbili, liache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha lisimike futi moja na nusu ardhini kabla mvua hazijaanza. Lipe mwaka mmoja au miwili kabla ya kulibebesha mzigo. Hapo ndipo watu huchoka kusikiliza. Lakini mti huo ukishashika utakutumikia maisha yako yote, na mbuzi watakula majani.

Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, ambako migomba, kahawa, miti mirefu na mifugo huishi pamoja kwenye kipande kimoja, viazi vikuu hukwea miti iliyopo tayari ndani ya kihamba. Mfumo huo, katika kijiji cha Shimbwe Juu, ulitambuliwa na shirika la FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kwa mkulima wa kiazi kikuu funzo lake ni dogo na la maana: tumia mti ulio nao, ila upogoe. Mgrevilea hufaa ukikatwa matawi ya chini. Mwembe na mparachichi havifai, kivuli chake ni kizito mno. Mkaratusi usiufikirie hata kidogo, utakunywa maji yote. Na usiruhusu kamwe kiazi kikuu kukwea mkahawa. Nimeona mkahawa ukifunikwa kama umevishwa blanketi, na mwaka huo haukuzaa chochote.

Njia ya pili ni nguzo zilizokatwa: mianzi, fito za kaliandra, matawi ya mgrevilea. Ni haraka, lakini mchwa huzila na upepo wa Julai huziangusha. Funga tatu tatu kwa juu ziegemeane kama mapaa ya kibanda. Bua la mahindi halitoshi, ingawa kila mwaka kuna mtu anajaribu.

Shimo

Chimba umbali wa hatua moja kutoka kwenye mti, si kwenye kitako chake. Upana uwe sentimita 60, kina sentimita 60 hadi 75. Mtu mmoja mwenye nguvu huchimba matatu au manne kwa siku bila kujiua, hivyo mashimo ishirini ni kazi ya wiki moja. Nafasi kati ya shimo na shimo iwe mita moja na nusu au zaidi, kwa vile mmea wa shimo kubwa hukaa miaka.

Unapochimba, tenga udongo. Ule mweusi wa juu weka kulia, mwekundu wa chini weka kushoto. Usivichanganye. Udongo wa juu ndio utakaorudi shimoni. Ule mwekundu utautumia kuinua ukingo mdogo upande wa chini wa mteremko ili kuzuia maji.

Sasa jaza. Tabaka la majani makavu na takataka za jikoni chini kabisa, halafu udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, madebe mawili au matatu kwa shimo, na majivu ya jikoni kopo moja au mawili, kwa vile kiazi hupenda potasiamu na majivu ndiyo potasiamu ya bure. Udongo wa juu usipotosha, komba mwingine kando. Jaza mpaka shimo liinuke kichuguu cha sentimita 20 juu ya ardhi, kwa maana litashuka. Usikanyage. Kazi yote hii ni kumlegezea kiazi njia. Kiazi hufuata udongo uliolegea kama maji yanavyofuata mfereji.

Neno "iliyooza" silisemi kwa kupamba. Mwaka wangu wa kwanza nilitia samadi iliyotoka zizini wiki hiyo hiyo, bado ina joto. Nilipanda vichwa kumi na viwili. Baada ya miezi miwili nilifukua kimoja kutazama kwa nini hakichomozi, nikakuta uji wenye harufu ya chooni. Vyote kumi na viwili. Samadi nzuri haina joto, haina harufu kali, na ukiifinya hupukutika.

Baada ya kujaza, acha shimo litulie wiki mbili au tatu. Ndiyo maana nimesema Februari.

Kwa wanaotaka mazao ya mwaka mmoja tu shambani wazi, shimo si lazima. Piga matuta yenye kimo cha goti yakifuata kontua, yaani yakikingama mteremko, umbali wa mita moja kati ya tuta na tuta, uchanganye samadi ndani. Kiazi kitakuwa kifupi zaidi lakini kuvuna ni rahisi. Mimi hupanda kwa namna zote mbili: mashimo kwa ajili ya nyumba, matuta kwa ajili ya soko.

Mbegu, na hesabu yake

Hapa ndipo zao hili linapowashinda wengi. Kiazi kikuu hupandwa kwa kiazi chenyewe. Unachokula ndicho unachopanda, na mwenye njaa hula kwanza.

Fanya hesabu. Kwenye matuta, mita moja kwa mita moja, eka moja inachukua mimea kama 4,000. Kila kipande cha mbegu kikiwa gramu 250, unahitaji kilo 1,000 za mbegu. Tani nzima ya chakula inazikwa. Ndiyo sababu nimesema anza na mashimo kumi.

Kiazi kina sehemu tatu na hazilingani. Kichwa, pale kilipoungana na shina, huchipua haraka kuliko zote. Mkia hufuata. Katikati huchelewa, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Ukiweza, kula katikati na upande vichwa. Ukipanda vyote, usivichanganye kwenye tuta moja. Weka vichwa peke yake na katikati peke yake, la sivyo utakuwa unapalilia mimea ya rika tatu.

Kata kwa kisu safi vipande vya gramu 200 hadi 500, kila kimoja kiwe na ngozi ya kutosha, maana macho hutokea kwenye ngozi. Paka majivu makavu kwenye kidonda, kisha uvitandaze kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kishike utando. Kipande kilichokatwa asubuhi na kupandwa jioni kina nafasi kubwa ya kuoza.

Usijaribu kulazimisha kiazi kilichovunwa juzi. Baada ya kuvunwa hulala usingizi wa miezi miwili hadi minne, na hakuna maji wala mbolea itakayokiamsha. Kilichovunwa Desemba huwa tayari Machi. Ukiona macho yameanza kuvimba kichwani, kimeamka.

Mbegu zikiwa chache, ipo njia iliyobuniwa Nigeria miaka ya 1970 katika taasisi ya utafiti wa mazao ya mizizi ya Umudike, na baadaye kuboreshwa pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki iliyoko Ibadan. Unachukua kiazi kizima chenye afya ambacho kimeamka, unakikata pete, na kila pete unaigawa vipande vidogo vya gramu 25 hadi 50, kila kimoja na ngozi yake. Unapaka majivu, unakausha kivulini, kisha unavipanga kwenye sanduku au kitalu chenye mchanga au maranda ya mbao yenye unyevu. Unyevu, si maji. Baada ya wiki tatu au nne vilivyochipua unavihamishia kwenye tuta, sentimita 25 kati ya kimoja na kingine. Mwaka huo hutapata kiazi cha kuuza. Utapata viazi vidogo vizima ambavyo mwaka unaofuata ni mbegu bora kuliko kipande chochote, kwa kuwa havina kidonda. Rudi kwenye hesabu: mimea 4,000 kwa vipande vya gramu 40 ni kilo 160 tu badala ya 1,000. Mwaka mmoja wa subira unakuokolea kilo 840.

Jambo la mwisho kuhusu mbegu, na nadhani ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Wakulima wengi huuza viazi vikubwa, hula vya wastani, na kupanda vile vilivyodumaa. Ukifanya hivyo miaka mitano umejichagulia mimea dhaifu na yenye virusi kwa mkono wako mwenyewe. Mwezi wa Julai au Agosti, majani yakiwa bado yana nguvu, pita shambani na vipande vya kitambaa chekundu. Funga mmea wenye majani mapana yasiyo na mabaka ya njano wala mikunjo. Ule uliofungwa kitambaa ndio wa mbegu, hata kama mnunuzi ameng'ang'ania kiazi chake.

Kupanda

Mvua ya kwanza ya Machi ikilowesha udongo kiasi cha kiganja, panda. Ukipenda, panda siku chache kabla; kipande kilichokauka vizuri hungoja. Fukua katikati ya kichuguu sentimita 10 hadi 15, kichwa kielekee juu, kipande cha katikati kilazwe ubavu. Kila shimo kubwa weka kichwa kimoja, au viwili ukiwa na wasiwasi. Funika, halafu uweke matandazo mazito ya majani ya migomba au nyasi kavu juu ya kichuguu, uyazuie kwa udongo kidogo yasipeperuke.

Matandazo si pambo. Chipukizi la kiazi kikuu ni laini sana, na udongo mtupu uliochomwa na jua la Machi huliunguza kabla halijatoka. Yanapooza ni chakula, na yanazuia magugu ambayo baadaye hutayafikia kwa jembe.

Miezi minne ya kwanza

Chipukizi hutoka baada ya wiki tatu mpaka nane, na wakati mwingine zaidi kwenye baridi. Usifukue kutazama, ingawa nimekiri mimi nilifukua. Likifika urefu wa mkono, lielekeze kwenye mti kwa kamba ya mkonge au ya mgomba iliyotandazwa kutoka kichuguuni mpaka kwenye tawi la kwanza. Kila aina huzunguka upande mmoja tu maisha yake yote. Ukiuzungusha kinyume, kesho yake utaukuta umejifungua, unaning'inia. Tazama ncha inaelekea wapi, uisaidie.

Kichwa kimoja kikitoa mashina matano, acha mawili yenye nguvu. Hayo mengine yasing'olewe bali yakatwe, ili usitikise mbegu.

Palilia mara tatu katika miezi minne ya kwanza. Karibu na mmea tumia mkono au panga, si jembe, kwa sababu mizizi inayokula imetandaa juu juu, na jembe moja la hasira huikata yote. Kati ya mashimo panda maharage msimu wa kwanza. Huvunwa kabla majani hayajafunika, na huacha udongo ukiwa na naitrojeni. Mahindi weka mbali, ni mlafi.

Katikati ya Mei, mmea ukishakwea vizuri, ongeza debe moja la samadi iliyooza kuzunguka kichuguu na ukifunike tena kwa udongo. Mvua huwa imekwisha kukipunguza, na kiazi hakitakiwi kuona jua.

Fuko na wenzake

Adui nambari moja mlimani haonekani. Fuko huja kwa chini, hula kiazi kutoka mkiani, na wewe unaendelea kusifu majani mpaka siku unayoona yamenyauka yote kwa pamoja. Dalili ni vichuguu vidogo vya udongo mpya visivyo na tundu. Watu hupanda utupa kuzunguka shamba, wakiamini harufu yake humfukuza. Sijaona fuko aliyefukuzwa. Ninachoamini ni mtego wa kijiti kilichopindwa na kitanzi ndani ya njia yake, na uhodari wa kijana wa jirani anayelipwa kwa kila kichwa. Nungunungu na nguruwe pori husumbua walio karibu na msitu, na kwa hao dawa ni ua mzito na mbwa.

Kwenye majani, ugonjwa unaoangamiza aina ya alata ni chule. Madoa meusi huanza kwenye jani, husambaa mpaka kwenye shina, na shamba zima huonekana kama limepitiwa na moto. Huja na mvua nyingi na majani yaliyolaliana, ndiyo sababu nilisisitiza mti. Ng'oa na uchome majani yaliyougua mapema, usipande alata mahali hapo mwaka unaofuata, na usichukue mbegu kutoka kwenye mmea huo hata kama kiazi kinaonekana kizima.

Minyoo midogo ya udongoni hukifanya kiazi kuwa na vinundu na mipasuko, na kikiwa ghalani huoza kutoka nje kwenda ndani. Haiponi kwa kunyunyizia kitu. Inazuilika kwa mbegu safi na kwa kubadilisha tuta kila mwaka. Vidung'ata vyeupe kama pamba hushambulia viazi vilivyohifadhiwa. Vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kabla ya kupanda.

Kuvuna bila kuua

Zipo namna mbili, na mkulima wa mlimani anapaswa kuzijua zote.

Kwenye matuta, unangoja majani yageuke njano na kukauka, miezi 8 hadi 11 tangu kupanda. Unafukua kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mtaimbo au jembe uishie umbali wa futi moja kutoka kwenye kiazi. Sehemu iliyobaki ni ya kijiti kilichochongwa na mikono. Kidonda kimoja cha jembe ni siku kumi za kuoza.

Kwenye shimo la mukungugu mambo ni tofauti. Mmea huo hauvunwi ukaisha, huchotwa. Jirani yangu mmoja, mzee tuliyezoea kumwita Guka ingawa si babu wa yeyote kati yetu, alikuwa na gikwa iliyopandwa na baba yake. Nilimwuliza anaikata vipi bila kuiua. Alichuchumaa, akafukua upande mmoja tu wa shimo, akapapasa mpaka akakipata kiazi, kisha akakikata na kuacha kipande cha upana wa kiganja kikiwa bado kimeshikamana na shina. Akapaka majivu kwenye kidonda. Akarudisha udongo, akaongeza samadi, akaweka matandazo. "Mwaka ujao upande wa pili," akasema, "na usiwe na tamaa ya kuchungulia huu." Basi. Mizizi ya upande mwingine haikuguswa, na mmea haukujua umeibiwa.

Huko Afrika Magharibi hufanya kitu kinachofanana ndani ya msimu mmoja: kiazi hukatwa mmea ukiwa na miezi mitano au sita na bado kijani, udongo hurudishwa, na mwisho wa msimu kile kichwa kilichoachwa huwa kimetoa viazi vidogo vya mbegu. Jaribu kwa mimea mitatu kwanza. Kiazi cha awamu ya kwanza hakijakomaa, hivyo kipikwe wiki hiyo, hakihifadhiki.

Baada ya kuvuna

Usioshe. Pangusa udongo kwa mkono, tandaza viazi kivulini penye joto, uvifunike kwa magunia au nyasi siku tano hivi ili michubuko ijifunge. Kisha tenga vyenye vidonda, hivyo vya jikoni. Vizima vipange kwenye uchaga wa fito, safu moja, hewa ipite chini na juu. Wengi wetu huviweka juu ya jiko la kuni. Moshi hufukuza wadudu na joto ni zuri. Friji usitumie. Chini ya nyuzi 12 kiazi kikuu huumia kwa baridi na huanza kuoza kikitolewa, na kwa sababu hiyo hiyo ghala la ukuta wa mawe huko juu mlimani mwezi wa Julai si rafiki.

Kagua kila wiki mbili. Kilicholainika kitoe, kinachochipua kivunje chipukizi. Kwa utaratibu huo vinakaa miezi mitatu mpaka sita.

Kwa soko, beba kwenye makreti au vikapu vilivyotandikwa majani ya mgomba, si gunia la kutupwa juu ya matatu. Mnunuzi hutazama ngozi. Wateja wazuri kuliko soko la wazi ni wale wanaochemsha nduma na viazi vitamu kwa ajili ya chai ya asubuhi mjini, maana huhitaji kiasi kidogo kila wiki, na shimo la gikwa hutoa kiasi kidogo kila unapohitaji.

Ukifika jikoni, paka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Utelezi wa kiazi kibichi huwasha mpaka kiwiko. Au fanya kama sisi: kioshe sasa, kikate vipande vinene na ngozi yake, chemsha na chumvi kidogo mpaka uma uingie bila kusukumwa, mwaga maji, rudisha kifuniko na uache sufuria juu ya makaa dakika kumi ikauke. Ngozi itajivua yenyewe.